Maharagwe Ndani ya Tangi

Harufu ya gesi, ile ya kabla kiberiti hakijawaka, bado inanirudisha kwenye chumba chembamba nyuma ya nyumba ya wageni kule Butembo, ambako baba alikuwa mtunzaji. Mama alikuwa amezikwa siku chache tu nyuma. Jikoni kwetu kulikuwa kimya, maana majirani ndio waliotuletea chakula, na sufuria yake, iliyozoea kutokota maharagwe yaliyotoka Musienene tangu asubuhi, ilikuwa imepinduliwa kando ya ukuta. Kwa hiyo nilimfuata baba kazini, nikakaa kando ya tangi la kupashia maji. Lilikuwa na joto, na lilitoa sauti: toko, toko, toko.

Mgeni mmoja, mwalimu aliyetumwa kwetu kutoka mbali, alitoka bafuni na povu shingoni. "Papa Kambale, hii tangi inapika ao inaogesha batu? Mayi ya moto inaisha mbele ya kunawa kichwa!" Baba alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Aliinama akatazama moto. Ulikuwa wa bluu, umetulia. "Shida haiko ku gazi," alisema. Akachukua kijiti cha mkaratusi, ncha moja akaigusisha kwenye tangi, nyingine sikioni. Juu kimya, chini kelele. "Mama, kuya usikie," aliniambia. Aliniita hivyo siku zote. "Unasikia nini?"

"Maharagwe ya mama."

Aliinama tena akatazama chini ya tangi. Kisha akanieleza polepole kwamba ni chokaa ya maji, imejilundika chini, na maji yaliyonaswa ndani yake yanachemka na kupasuka. "Niache iendelee kulia?" aliuliza. Nilirudisha sikio kwenye kijiti. Wageni walihitaji maji. Alifunga gesi, tukangoja tangi lipoe, akafungua bomba la chini, ukatoka uji mweupe wenye kutu, ndoo baada ya ndoo. Alipowasha tena, tangi halikusema kitu. Tulikaa pale wawili, tukilisikiliza. Jioni ile baba aliigeuza sufuria ya mama, akapika maharagwe mwenyewe. Yaliungua, tukayala.

Sasa naishi Beni peke yangu, na baba naye tumemzika mwaka huu. Sufuria yangu ya chai ina gamba jeupe chini, na ikipata moto inagonga kidogo. Jirani ananiambia, "Mama, ukwangule hii, inakumalizia makala." Anasema kweli, mkaa unaisha haraka. Naiweka motoni kama ilivyo, nasogeza kiti karibu.