Msimu Mae Alipotaka Kwenda Zamani

Kitabu chenyewe kilinuka moshi wa kuni na kahawa mbichi. Hakikuwa na jalada, kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka, na mpaka leo sijui kiliitwaje. Mama yangu, ambaye kama watoto wengi wa kwetu nilimwita Mae, alikiazima kwa mwalimu mmoja wa Rubya miezi mitatu baada ya kumzika baba. Baba tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Ukifungua dirisha la jikoni unaliona kaburi. Masika yalikuwa yanaisha, kahawa zimeiva, uani kumejaa mikeka ya kahawa zinazokauka, na harufu yake yenye uchachu iliingia mpaka kwenye shuka. Nilikuwa na miaka tisa. Kuna watu husema utoto hauna wasiwasi. Mimi huwashangaa sana, maana msimu ule sikula nikashiba wala sikulala nikatulia.

Kitabu kilimhusu fundi cherehani wa siku hizi, mwanamke aliyechoshwa na maisha, ambaye siku moja aliinama kisimani kuchota maji, akatumbukia, akaja kuibukia enzi za wafalme. Huko akapendwa na mtunza ngoma wa mfalme, mwanaume mrefu asiyekuwa na maneno mengi. Baba naye alikuwa mrefu, na kumtoa neno ilikuwa kazi. Mae alinisomea kwa sauti huku tukichambua kahawa, na nisiseme uongo, mwanzoni nilikipenda ajabu. Nani asingekipenda? Humo ndani hakuna kilichokuwa kimekwisha. Watu tulioambiwa shuleni kwamba walikufa zamani walikuwa hai kabisa, wanapika, wanagombana, wanachekana. Kumbe hawakuwa wamekufa, walikuwa mahali ambapo wewe hujafika tu. Yule fundi alipopewa nafasi ya kurudi kwao alikataa, akabaki hukohuko na mtunza ngoma wake, na kitabu kikaishia hapo. Mae akafunua ukurasa wa kwanza kati ya zilizobaki akaanza upya. Safari hii alisoma kimya.

Kuanzia hapo kila siku saa kumi jioni alichukua kigoda akaenda kukaa kando ya kaburi na kitabu chake. Chakula akawa anakigusa tu. Nywele hakusuka. Majirani walipita wakamsalimu, akaitikia bila kuinua macho, nao wakasema ni uchungu wa ujane, utapita. Majirani bwana! Mimi niliyekuwa naye ndani niliona haupiti. Siku moja nilimpelekea maji ya kunywa pale kaburini, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Koku, unadhani mtu akivuka kwenda kule anasikia maumivu?" Nikamuuliza, "Kule wapi, Mae?" Akasema, "Kule," akarudi kwenye ukurasa wake. Nilijua maana yake: Mae alikuwa anatafuta njia ya kumfuata baba, na akiipata hatarudi, kwa sababu yule wa kitabuni hakurudi. Niliogopa mpaka nikaacha kwenda kucheza.

Bibi, mama yake baba, aliishi nyumba ya pili, kibanja hichohicho. Wiki hiyo tulipokuwa tunageuza kahawa mkekani alinipasulia tunda moja akanionyesha punje mbili zilizolala pamoja ndani. Akaniambia kwamba zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichukua punje za tunda moja, kila mmoja akapaka yake damu, wakabadilishana wakazimeza. Baada ya hapo hakuna anayeweza kumwacha mwenzake, hata afanyeje. Bibi alikuwa anapiga soga tu. Mimi nilisikia dawa. Mchana huohuo nilijichoma kidole kwa mwiba wa mchungwa, nikazipaka damu punje zote mbili, moja nikaimeza kwa taabu, nyingine nikaichanganya na kahawa za kutafuna zilizokaa kwenye kikapu kidogo cha wageni. Nikazichota mwenyewe kiganjani, ile ya damu ikiwamo, nikampelekea Mae. Alizitia zote mdomoni macho yakiwa kitabuni. Nilimwangalia anavyotafuna, moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, haya sasa, nenda tuone.

Kesho yake alitoka bafuni amevaa busuti ya harusi yake, lile gauni refu la kijani lenye mkanda, akapita uani na kitabu mkononi. Hakuniona. Ndipo nilipogundua kwamba dawa yangu haikufanya kazi, nikakimbilia kwa Bibi kumuuliza nimekosea wapi. Bibi alikuwa anapepeta maharage. Nilimweleza yote, mwiba, damu, kikapu, na yeye akaanza kucheka. "Wewe mtoto, nani kakudanganya? Kile kiapo ni cha watu baki! Wewe na mama yako damu ni moja tangu tumboni, unamfunga na nini tena?" Halafu kicheko kikakatika. Aliweka ungo chini. "Na kwa nini unataka kumfunga? Anakwenda wapi?" Nikasema anakwenda kwa baba, na kwamba amevaa nguo ya harusi. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile. "Ameshika njia gani?" aliniuliza, tayari amesimama. "Kimbia, Koku. Usinisubiri."

Kaburini hakuwapo. Kigoda kilikuwepo, na kitabu juu yake. Kule chini kwenye rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba, wafyatua matofali walikuwa wameacha shimo refu ambalo masika yalilijaza maji mekundu, na mbuzi wa jirani alishazama humo. Niliteremka mbio huku miguu inaniteleza. Mae alikuwa majini, yamemfika mapajani, busuti imevimba na kuelea pande zote, na alikuwa anaendelea kwenda mbele taratibu bila kusita. Niliita "Mae!" Hakugeuka. Nikaita tena. Mara ya tatu nilipiga ukelele ambao sikujua ninao, naye akasimama, akageuka, akaniangalia kwa muda mrefu sana. Kisha akatoka. Bibi alitufikia akihema. Alipiga magoti akaanza kukamua maji kwenye pindo la ile nguo, na kitabu alikitia motoni jioni hiyohiyo. Mae alilala chumbani kwa Bibi mpaka kahawa zote zikauzwa.

Leo naishi Hamugembe, nafundisha, na Mae ninaye hapa nyumbani, mzima, anapalilia migomba yangu na kunisema kwamba siiwekei majani ya kutosha. Na vitabu vya namna ile navisoma mimi. Ndiyo, mimi! Siku hizi havihitaji kuazimwa, vimejaa kwenye simu: mwanamke anaanguka, anaibukia karne nyingine, na huko kuna mtu anamsubiri kwa subira ambayo waume wa siku hizi hawana. Walimu wenzangu hunicheka, wanasema nasoma upuuzi. Hawajui utamu wake. Mwaka jana, mimi na Mae tukiwa jikoni, nilimuuliza hatimaye jambo nililolibeba miaka yote: pale shimoni nilipomwita, alikuwa anafikiria nini? Aliendelea kumenya ndizi. "Nilisikia mtoto analia Mae, Mae," akasema. "Nikajiuliza, mtoto wa nani huyo, na mama yake mbona haitiki?" Niliinamisha macho kwenye simu yangu iliyokuwa wazi mkononi, sura ya kumi na mbili, nikaendelea kusoma. Nilipoyainua, binti yangu wa miaka saba alikuwa amesimama mlangoni anatetemeka mdomo, na kwa uso wake nilijua kwamba alikuwa ameniita zaidi ya mara moja.