Kope Zangu Mbele ya Darasa

Wakati wa vita vya mashifta, wapiganaji Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, nilikuwa dresa katika hospitali moja ya Garissa. Nilifunga vidonda, nikachoma sindano, na kwa kuwa nilijua Kisomali na Kiswahili, kila daktari aliyefika aliniita nimtafsirie. Ndipo akaja daktari wa macho kutoka Nairobi, Mhindi mfupi mwenye sauti ya chini, kutufundisha sisi madresa kutibu vikope, ugonjwa uliokuwa ukipofusha watu wetu tangu Bura hadi Wajir. Darasani mimi peke yangu nilikuwa mwenyeji. Wenzangu walitoka Kitui, Meru na pwani, na hakuna aliyekuwa ameomba kuletwa huku.

Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huanza utotoni, kwa macho mekundu yenye tongo na nzi. Miaka ikipita, ukope wa juu hupata makovu kwa ndani, hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho kila mtu anapopepesa, mpaka kioo cha jicho kinakuwa cheupe. Akasema kabla ya kumgusa mgonjwa tujifunze kugeuza kope za wenzetu.

"Mwambie atazame chini. Shika nywele za kope, weka njiti hapa juu, geuza."

Nywele za kope ndizo nilizokuwa sina. Kila asubuhi nilijifungia bafuni na kuzing'oa kwa kibano kidogo cha chuma zisinikwaruze, kama mama yangu alivyokuwa aking'oa zake. Wenzangu nilikuwa nimewaambia kwamba ziliungua kwa moto nilipokuwa mtoto.

Niliangukia mikononi mwa kijana wa Kitui niliyelala naye chumba kimoja. Alihangaika kupata pa kushika, akafanikiwa, akageuza.

"Daktari," akasema polepole, "hebu njoo uone hapa."

Daktari aliinama na tochi yake. "Mzuri sana," akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Hii ndiyo makovu. Kuja yote, angalia."

Wakapanga foleni. Nilihisi pumzi ya mmoja baada ya mwingine usoni mwangu. Mmoja akamuuliza daktari, juu ya kichwa changu, "Kwani kwao wote wako hivi?" Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mchuuzi habari za mbuzi. Machozi yalinitiririka, nao wakadhani ni mwanga wa tochi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona haya kwa ajili yangu, na kwa ajili ya mama yangu na kibano chake, kana kwamba naye walikuwa wamemvua shuka hadharani.

Wiki hiyohiyo tulipakiwa kwenye lori la jeshi hadi kijiji kimoja nje ya mji. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ndani ya seng'enge ili wasiwape mashifta chakula. Hata maji yalitekwa kwa zamu, askari wakiwa wamesimama na bunduki. Niliposhuka na koti langu jeupe, mwanamke mmoja alijifunika uso kwa shela. Alikuwa eedo yangu, dada wa baba. Sikujua kuwa ameletwa pale.

Daktari aliniambia niwahimize akina mama wawaoshe watoto nyuso kila siku. Nikawaambia. Bibi mmoja mzee akajibu kwa maneno machache, na daktari akataka kujua amesema nini.

"Anasema walipokuwa na ngamia wao walijua kisima kiko wapi," nikatafsiri. "Anasema aliyewafungia ndiye aje awaoshe."

Ofisa wa jeshi aliyekuwa karibu aliwasha sigara. Daktari akasema tuanze upasuaji wa kunyoosha kope zilizojikunja. Lakini hakuna aliyesogea mezani. Eedo ndiye aliyenijia. Jicho lake moja lilikuwa tayari jeupe, na la pili lilikuwa likitoa maji.

"Mwanangu," akaniambia, "umekuja na watu wenye bunduki, unatuambia tulale tukatwe macho. Wewe ungelala?"

Nilipotafsiri, daktari hakubishana. Alianza kurudisha vifaa sandukuni. Nikamtazama eedo, nikavua koti.

"Nitalala mimi kwanza," nikasema kwa Kisomali. "Kope zangu ni kama zenu." Kisha nikayarudia maneno hayo kwa Kiswahili, na wenzangu hawakunitazama usoni.

Meza yetu ilikuwa mlango uliolazwa juu ya mapipa. Daktari alimpa kijana wa Kitui kisu, mwenyewe akasimama begani mwake kumwongoza. Sindano ya ganzi ilipoingia kwenye ukope niliguna kwa sauti. Kwetu mwanamume haguni mbele ya wanawake. Watoto wakacheka.

"Nisamehe, ndugu yangu," kijana akaninong'oneza.

"Endelea."

Mtu alikuwa ameshika mguu wangu akisoma Fatiha. Nilimtambua kwa sauti, alikuwa eedo. Nilipoketi na bandeji, eedo alipanda mezani bila kuniangalia, na baada yake wakaja wengine hadi alasiri. Jicho lake la pili lilipona, na alilitumia mpaka mauti yake.

Nilirudi kijijini baadaye kuwatoa nyuzi za mshono. Walinipokea kwa dua. Wazee wakanishika mkono, wakaniita daktari. Mama mmoja kijana akaniletea mtoto wake wa mgongoni, macho yamegandana kwa tongo, nzi wamejaa pembeni. Nikamweleza tena habari ya kumwosha uso.

"Nimesikia," akasema kwa upole. "Nimwoshe na nini?"

Zamu yake ya maji ilikuwa bado. Hakuuliza kwa hasira. Nilimtia mtoto dawa ya tyubu, nikampa mama iliyobaki. Akaniombea Mungu anizidishie. Sikuweza kuitikia amina. Nilibeba sanduku la dawa, nikapanda nyuma ya lori na askari, nikakaa na uso wangu umeelekea barabara, seng'enge nimeipa mgongo.