Fulana ya Maalim Suge

Jamani, kuna aibu za kawaida, zile za kuteleza sokoni au kusahau kufunga zipu, hizo mtu huzisimulia akicheka na watu wakamwongezea chai. Halafu kuna hii yangu, ambayo niliiomba mwenyewe, nikaithibitisha kwa maandishi, nikachapishiwa mgongoni kwa herufi kubwa na kuitembeza mji mzima wa Garissa nikiipungia watu mkono. Hii sijaizoea hadi leo, na nikiwaambia ni kwa sababu wengine wenu mmeshaiona picha.

Mimi ni mwalimu Barasa, wa Kiswahili na Historia, mtu wa Bungoma. Nililetwa Garissa nikiwa nimetoka chuoni juzi juzi, koo bado limejaa Kiingereza cha mahafali, nikaambiwa nivumilie kidogo tu kisha nitahamishwa karibu na nyumbani. Hicho kidogo ndicho nilichomo mpaka sasa. Nimefundisha hapa watoto wakakua, wakaoa, wakaniletea watoto wao darasani. Wangu mwenyewe nimewalea kwa simu. Mke wangu Nekesa ndiye baba na mama huko Bungoma, na mimi ni mgeni wa Desemba ambaye mbwa wa nyumbani humbwekea.

Sasa, mwaka huu wale tuliomaliza nao chuo wakafungua kundi la wasapu, na msimamizi akatangaza kwamba kila mtu atoe taarifa yake: yuko wapi, anafanya nini, amefika wapi kimaisha. Aisee, zikamiminika! Huyu ni daktari wa falsafa ng'ambo, yule ni wakili, mwingine ana shamba la maua, na yule aliyekuwa akinakili insha zangu neno kwa neno (mpaka makosa yangu ya tahajia aliyanakili) sasa ni mkurugenzi na ameweka picha akiwa mezani na bendera ndogo mbele yake. Mimi nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Utaandika nini? "Mwalimu, bado"? Nikawa nawawekea wenzangu vidole gumba tu.

Halafu Abdullahi, kijana wa hapa hapa Garissa niliyekaa naye chumba kimoja bwenini na ambaye sasa ni mwanakandarasi wa barabara, akaalika kundi zima nyumbani kwake tuonane ana kwa ana. Na kati ya waliokubali kuja alikuwemo Murithi. Huyu Murithi siku hizi anafanya kazi Nairobi, kwenye ile meza ambayo ombi la mwalimu la kuhama haliwezi kupita bila yeye kuliona. Nekesa aliposikia jina hilo akawa mkali kama hakimu.

"Barasa, huyo mtu mlikula naye ugali sufuria moja. Muulize uso kwa uso. Na ukinipigia jioni nataka jibu, sitaki habari za joto la Garissa."

Nikamwahidi. Kwangu mimi siku ile haikuwa ya kula mbuzi wala kukumbushana ujana, ilikuwa ya kurudi nyumbani kwa mke wangu kabla hatujazeeka bila kuonana. Nataka mlijue hilo vizuri kabla hamjaanza kucheka.

Murithi ndiye aliyeshughulikia fulana za siku hiyo. Akaandika kwenye kundi: "Kila mtu atume jina na cheo, vichapishwe mgongoni." Mara moja wakaanza: Dkt. fulani, Wakili fulani, Mhandisi fulani, mwingine akatuma vyeo vitatu akauliza kama vitatosha. Cheo changu mimi ni kile kile nilichokuja nacho Garissa na sanduku la bati. Ndipo shetani akaninong'oneza kwamba nina jina, tena jina nililopewa na wenyeji wenyewe. Huku hakuna anayeniita Barasa. Kuanzia watoto wa shule mpaka akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, mimi ni Maalim Suge. Wasomali hawakawii kumpa mtu jina la utani, na likishakukaa limekukaa, hata ofisini wanalitumia.

Maana yake? Niliwahi kuuliza, msifikiri mimi ni mjinga kabisa. Zamani nilimuuliza Bare, mwenye duka karibu na shule, alipokuwa akinipimia sukari. Bare akaitazama mizani, akanitazama mimi, akaitazama mizani tena.

"Suge ni mtu... ni mtu nakaa," akasema. "Haendi. Bole bole, nakaa tu."

Moyo ukanifura. Maana enzi zile walimu wengi wa kutoka bara walikuwa wameondoka kwa hofu ya usalama, mimi nikabaki (nilibaki kwa sababu ombi langu la kuhama halikujibiwa, lakini niliamini hilo nalijua mimi na Mungu wangu). Kwa hiyo nikaelewa nilivyotaka kuelewa: mtu imara, asiyetikisika. Na kama mnauliza kwa nini sikujifunza Kisomali nikajua mwenyewe, jamani, mtu atajifunzaje lugha ya mahali anapoondoka mwaka kesho? Na kwangu mimi kila mwaka ulikuwa na mwaka kesho wake.

Basi nikatuma: MAALIM SUGE WA GARISSA, na chini yake, kwa kuwa shetani akishaingia haishii mlangoni, NGUZO ISIYOTIKISIKA. Murithi akajibu, "Safi sana, jina la kishujaa!" Nikalala usingizi mtamu.

Siku yenyewe fulana zikafika asubuhi na wageni. Nikaichukua yangu hotelini walikofikia, nikaivaa hapo hapo, na badala ya kupanda gari nao nikasema nitatembea, nipitie sokoni watu wangu wanione. Walinionaje! Waendesha bodaboda walipiga honi. Akina mama wa maziwa wakafunika midomo kwa shungi, mabega yakicheza. Kijana mmoja niliyemfundisha akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Maalim, hiyo ni noma! Umeamua!" nami nikainua ngumi. Watu wakaniomba picha, wengi, na kitu ambacho kingenifungua macho kama ningekuwa na macho ni kwamba kila mmoja alitaka kunipiga picha ya mgongo.

Kwa Abdullahi kulikuwa kumejaa. Mikeka imetandikwa uani chini ya turubai, wali wa mbuzi umewekwa ndizi juu kama wanavyokula huku, na licha ya sisi wageni kulikuwa na majirani, wazazi wa shule yangu, na wanafunzi wangu wa zamani wenye ndevu. Baada ya kula, mmoja mmoja akasimama kutoa taarifa yake. Kila aliyemaliza alipigiwa makofi, nami nikahesabu kwamba nikipigiwa makofi mengi kuliko wote Murithi ataona thamani yangu, na jambo langu litakuwa jepesi.

Nikasimama. Nikawageuzia mgongo kwanza, wasome. Kisha nikageuka, nikanyanyua mikono kama mhubiri.

"Mimi ni nani?" nikauliza.

"Suge!" wenyeji wakaitikia kwa mpigo mmoja.

"Sisikii!"

"SUGE!"

"Na Suge maana yake nini?" Hapo wakanyamaza, wakaangaliana, nami nikauchukua ule ukimya kuwa heshima. "Suge ni nguzo! Ni mtu asiyetikisika! Wenzangu, nyinyi mlipewa vyeo na maofisi, mimi nilipewa changu na wananchi!"

Upande wa wanawake alikuwa amekaa mama yake Abdullahi, ambaye wote tunamwita Hooyo, yaani mama, kwa Kisomali. Akamuuliza mwanawe kwa lugha yao nimesema nini. Abdullahi akamtafsiria kwa sauti ya chini, huku akiikwepa sura yangu. Yule mama akacheka. Si kicheko cha dharau, hapana, afadhali kingekuwa cha dharau. Alicheka kwa upendo, akajifuta machozi kwa ncha ya shungi.

"Maalim, wallahi wewe mtu mzuri," akasema. "Lakini hiyo nguzo nani nakwambia? Suge hapana nguzo. Suge ni mtu nangoja."

"Anangoja nini, Hooyo?" nikauliza. Nashangaa hadi leo kwa nini niliuliza.

"Transfa! Wewe kila mwaka nasema, mimi naenda kwetu mwaka kesho. Abdullahi naoa, wewe nangoja. Abdullahi nazaa, wewe nangoja. Mtoto yake nasoma kwako, namaliza, wewe bado hujabata transfa. Nafumilia sana, ndio watu nakuita Suge. Si matusi, maalim."

Uani pakalipuka. Wenyeji walicheka kwanza, na wenzangu wa chuo, ambao hawajui Kisomali, ikabidi waelezwe, kwa hiyo kicheko kikaja tena mara ya pili, kikubwa zaidi. Yule wakili alilala kwenye mkeka. Yule mkurugenzi aliyeninakili insha akarudia, "Nguzo Isiyotikisika!" akapaliwa na soda, ikabidi apigwe mgongo, nami niliomba kimoyomoyo asipate nafuu haraka.

Abdullahi akanikumbatia. "Kaka, wallahi nilidhani unajua! Nilipoiona fulana nikasema jamaa huyu ametushinda wote kwa kujitania."

Ndicho kilichoniumiza zaidi. Mji mzima ulijua. Wanafunzi wangu walijua, na pale nilipokuwa nikiwafundisha ujasiri wa mashujaa walikuwa wananiita Mngojaji, na mimi naitika.

Lakini nilikuwa nimemwahidi Nekesa. Nikamfuata Murithi kwenye ndoo ya kunawia, nikiwa bado nimevaa lile jambo mgongoni kwa kuwa sikuwa na nguo nyingine, nikamwambia kaka, mke wangu, nyumbani, umri umekwenda, nisaidie. Alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Akanipiga bega.

"Barasa, usijali, mimi ni wako. Tungoje tu mwaka mpya wa fedha uanze..."

Akasita, neno likiwa bado mdomoni. Vijana wawili waliokuwa wakinawa mikono wakaangaliana, mmoja akaenda kucheka nyuma ya tangi la maji. Murithi akakaza midomo, akashindwa, akaondoka mabega yakimtetemeka. Hilo ndilo jibu nililopata.

Jioni nikampigia Nekesa. "Amesemaje?" akauliza kabla ya salamu.

"Amesema tungoje kidogo."

Nilitegemea ukali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Akasema kwa upole, "Ngoja wewe, Barasa. Mimi niliacha zamani, sikutaka tu kukuambia." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nimeapa sitavaa tena neno ambalo maana yake nimemuuliza mtu mmoja tu, tena muuza duka anayeogopa kunipoteza kama mteja. Na siku hizi jioni nakaa na Bare ananifundisha Kisomali (analipa dhambi yake). Naanza kuelewa wanachosema nikipita. Si kizuri, lakini naelewa.

Juzi msimamizi wa kundi alitangaza tena: taarifa mpya, kila mtu aseme amefika wapi. Nikaandika bila kufuta, "Barasa, mwalimu, Garissa," nikatuma. Hakuna aliyejibu isipokuwa Murithi, na yeye aliweka kidole gumba.