Ulanga Ndani ya Kompyuta

Watu niliowachukia maishani walinitoka moyoni baada ya muda. Fundi aliyeigusa kompyuta ya mke wangu sikumchukia hata siku moja. Nilimdharau, na dharau haina haraka ya kuondoka.

Alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa jirani na soko, Morogoro mjini, na kazi ya redio aliijua, sitamsingizia. Kisha likaja soko huria. Vitu vya Dubai vikamiminika, maofisi yakaanza kutupa taipureta, naye akafuta neno REDIO kwenye kibao chake akaandika KOMPYUTA. Elimu hakuongeza, aliongeza rangi. Alivaa miwani ya jua ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na alitema maneno ya Kiingereza mbele ya watu wasioweza kumuuliza maana yake. Mimi nilikuwa mmojawapo. Niliishia darasa la saba, nikapaka mafuta mashine za kiwandani miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kilipobinafsishwa tukaambiwa asanteni, nendeni nyumbani.

Kompyuta tuliinunua kwa mhadhiri aliyekuwa anahama Mazimbu. Mke wangu alikuwa mpiga chapa. Alikaa nayo barazani akichapa barua za watu, mitihani ya shule na kadi za harusi. Saa zisizo na wateja alichapa kitu chake mwenyewe: habari za ukoo wao. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na mtu akifa jina lake hurithiwa na mwingine wa ukoo ule ule, siku ya kuvunja matanga. Nani alipokea jina la nani, tangu walipopanda milimani, alibaki mtu mmoja tu aliyeweza kutaja yote: mjomba wake, kutoka juu, njia ya Mgeta. Mzee yule alishuka kutibiwa akakaa kwetu miezi miwili. Yeye alitaja, mke wangu akachapa moja kwa moja. Hakuna daftari, hakuna kanda. Mjomba aliporudi nyumbani hakumaliza mwaka.

Mimi ndiye niliyeipeleka kompyuta kwa fundi, wiki ile ile mjomba alipofika. Haikuwa mbovu. Nilipita kibandani kwake kununua betri za tochi akanikamata.

"Mzee, ile mashine yako ina uwezo umelala. Naiamsha tu. Sihitaji kifaa kipya, nahamisha vijampa viwili vitatu, hivi vibanio vidogo vya kuunganisha pini kwenye ubao, inakimbia kama mpya."

Nikamweleza mke wangu. Akasema, "Inakimbia kwenda wapi? Vidole vyangu ni hivi hivi."

Nikacheka, nikaifunga kwenye shuka, nikaipeleka. Mtu aliyefukuzwa kiwandani hupenda kuonekana naye ana mashine inayokimbia.

Ilirudi ikiwaka upesi kweli. Ila ikaanza kuganda. Mke wangu alikuwa katikati ya ukurasa, kioo kinasimama, kisha giza. "Imestaki tena," alikuwa akiniita kutoka barazani. "Imekula tena." Na mimi, bila kuinuka kitini, nilijibu, "Unabonyeza vibaya." Nililisema hilo mara nyingi. Alikuwa tayari anaumwa. Alirudia kuchapa, mjomba akarudia kutaja, na masika yaliyofuata nikamzika mke wangu.

Wazee wa kwao walipanga kuvunja matanga Jumamosi moja baada ya mvua kukatika. Jina la mke wangu lingechukuliwa na binti wa mdogo wake, na kabla hajakabidhiwa, orodha ya ukoo isomwe mbele ya watu. Shemeji yangu, huyo mdogo wa marehemu, alishuka Jumatatu kufuata karatasi.

"Shemeji," aliniambia hata mzigo hajautua, "mimi nimekuja kuchukua karatasi. Sijachukua nauli ya kuja kusikiliza hadithi."

Tukaiwasha. Ilipozima ghafla, ikiwaka tena ilikagua diski yake kwanza, polepole, na mara nyingi kabla hatujalifungua faili ilizima tena. Kwa siku mbili nilipata kurasa mbili, na ya pili ilikuwa nusu. Mahali pa kuingizia disketi palikuwa pamekufa zamani, kwa hiyo hatukuweza hata kulihamisha faili kwenda kwenye mashine ya mtu mwingine. Jumatano nikamwita fundi.

Alikuja na miwani yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akasema umeme wetu ni mdogo. Nikaenda kuazima kifaa cha kusawazisha umeme kwa jirani. Ikazima. Akasema vumbi. Akafungua pembeni, akapuliza kwa mdomo kama mtu anayewasha jiko. Ikazima. Halafu akataka kutuonyesha ujuzi: akabonyeza kitufe mashine ilipokuwa inaamka, ukatokea ukurasa wa bluu, na pale chini palikuwa na joto la prosesa, ile chipu inayofanya kazi yote. Tarakimu zilipanda mbele ya macho yetu, na mashine haikuwa imepewa kazi yoyote. Zilipokaribia mia, giza.

"Inaungua," nikasema.

"Hapana mzee, sensa inadanganya." Hata hivyo akaomba feni ya mezani, akaielekeza kwenye tumbo lililo wazi. Upepo ukapeperusha kanga ya shemeji, na kompyuta ikazima vile vile.

"Basi ni virusi," akasema, akijifuta jasho. "Tunafuta diski yote, tunaanza upya. Dakika arobaini tu."

Shemeji alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Unafuta na faili la dada?"

"Faili ni faili tu, mama. Mtachapa lingine."

"Mimi si mama yako. Atachapa nani? Umfukue? Gusa hiyo diski uone. Ukimfuta dada yangu, na mimi nakufuta wewe, na hiyo miwani naivaa kwenye matanga yako."

Fundi akacheka peke yake. Akasema anakwenda kuchukua CD, akirudi tutakuwa tumeshaamua. Hivyo ndivyo alivyokuwa: kila asichokijua alitaka kukifuta.

Nilibaki nimekaa mbele ya lile tumbo wazi. Kompyuta sikuijua. Joto nililijua. Kiwandani hatukuwa na vipimo. Tulipita kwenye mashine tukiweka mgongo wa kiganja juu ya kila beringi, na msimamizi wetu, mkali kama pilipili, alikuwa akisema kwamba chuma cha ndani kikiungua na nyumba yake ya nje ikiwa baridi, usitukane moto, tafuta kilichokaa katikati. Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe kile alichobonyeza fundi, nikaacha tarakimu za ukurasa wa bluu zipande, kisha nikaweka mgongo wa kiganja kwenye bamba la alumini lenye mbavu, lile linalokaa juu ya prosesa chini ya kifeni chake ili kunyonya joto. Kioo kilisema karibu kuchemka. Bamba lilikuwa baridi kama mtungi.

Sikuhitaji Kiingereza. Nikachomoa waya wa umeme, nikabandua kibanio kwa bisibisi, nikanyanyua bamba.

Katikati palikuwa na kipande kinachong'aa, kimekatwa mraba kwa mkasi, kingo zimenyooka vizuri. Shemeji aliinama juu ya bega langu.

"Si ulanga huu?"

Ulikuwa ulanga. Milimani kwao huokotwa njiani, hubanduka magamba magamba, na watoto huuweka jichoni walitazame jua. Mafundi redio huuweka chini ya transista kubwa ili umeme usirukie kwenye bati. Unene wa kipande kile ulikuwa wa magamba matano au sita.

Fundi aliporudi na CD yake nilikuwa nimekishika.

"Hiki nini?"

"Hiyo kinga hiyo, mzee! Transista zote kubwa naziwekea. Bila hiyo inapiga shoti."

"Hii ni transista?"

"Ni kama transista. Nyingi. Zimekaa pamoja."

"Umezuia umeme. Na joto lipite wapi?"

Akavua miwani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona macho. "Joto," akasema, "si litapita lenyewe?"

"Kama wewe ulivyopita shule," shemeji akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Nikamwambia arudishe vijampa vilipokuwa. Akasema nitabaki na mashine ya polepole kama trekta. Nikasema rudisha. Akashika kimoja, akakiachia, akashika kingine. Hakukumbuka. Alikuwa amevihamisha kwa kubahatisha, hiki huku, kile kule, mpaka ikawaka kwa kasi aliyoitaka, na hiyo ndiyo aliyoiita kuamsha uwezo. Jedwali la mahali pa kuviweka lilikuwa limechapwa pale pale ubaoni, kwa herufi ndogo, pembeni ya vijampa vyenyewe. Hakuwahi kuliona. Nilimsomea namba, naye akapanga kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayepanga vijiti. Nikachukua kwake ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, aliyokuwa nayo siku zote kwa ajili ya redio, nikapaka kidogo, nikarudisha bamba. Safari hii bamba lilipata uvuguvugu, na tarakimu zikapanda kidogo zikatulia. Hakuaga. Sikumsindikiza.

Alhamisi printa ilipiga kelele kutwa. Nilipokea karatasi moja moja, na sikuzisoma mpaka ilipokoma. Ilikoma kwenye ukurasa wa thelathini na moja, katikati ya mstari: *na huyo akapokewa na*. Nikadhani wino. Nikafungua faili. Lilikuwa limeishia hapo hapo.

Nilimsikia mjomba yule kwa masikio yangu, nikiwa ndani, akitaja watu wengine wengi baada ya huyo. Alikuwa ametaja mpaka mama wa mke wangu. Kila mke wangu aliponiita kwamba imekula, ilikuwa kweli imekula, na ilikula hao. Mara ya mwisho hakuniita.

Shemeji alizihesabu karatasi, akazifunga ndani ya kanga. Hakunitania tena siku ile.

Jumamosi, juu kwao, kijana wa ukoo alisoma kwa sauti, watu wakiitikia kila jina. Alipofika mwisho akageuza karatasi kutafuta upande wa pili. Watu wakasubiri. Nilisimama. Nilisema mashine ilikuwa nzima, nami niliipeleka ikaharibiwe kwa sababu nilitaka sifa. Kwamba marehemu alilalamika nikamwambia anabonyeza vibaya. Kwamba waliobaki walipotelea humo.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akauliza, "Fundi hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi mbona unajitaja mwenyewe?"

"Yeye sikumwoa, bibi."

Bibi akaagiza kalamu iletwe. Kisha akasema, "Hebu andika. Hapo walipoishia, andika walikokwenda. Watoto wasije wakadhani hatukuwa na watu."

Wakanipa kalamu na karatasi ile ya mwisho juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilitaka kuanza na fundi, kibanda chake, ulanga wake. Nikaandika neno moja nikalikata. Mtu wa namna ile hakustahili kuingia kwenye karatasi za ukoo wa watu, hata kwa aibu. Nikaandika kwamba hapa wamepotea watu kwa kosa la mume wa mwandishi, nikaweka jina langu. Binti aliyekuwa anapokea jina la mke wangu alisimama pembeni yangu, akingoja nimalize ili wamwite mbele.