Niliponyamazisha Kiwanda Kizima

Jamani, wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa mtaa wa Mbotela. Mimi ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha mkate. Wiki jana mkubwa wangu, Bi Wanjiru, alinipigia simu.

"Mwende, seva ya stoo imekwama. Izime polepole, uiwashe tena. Ya stoo pekee!"

"Hiyo ni kazi ndogo, madam," nikamjibu kwa madaha.

Katika chumba cha seva, yaani kompyuta kuu zinazoendesha kiwanda, nilikuta kabati moja jeusi, refu kunishinda, likinguruma. Nikadhani ndilo la stoo, na kwamba seva nyingine ziko kwingine. Kumbe ni mashine moja iliyogawanywa ndani, kila sehemu ikijiendesha kama seva kamili. Sehemu moja huzimwa kwa amri kwenye skrini. Mimi nikabonyeza kitufe cha kabati lenyewe hadi taa zote zikazimika.

Ngurumo ikafifia. Mashine za kukanda unga zikasimama, oveni zikasimama, simu za ofisini zikakatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilibaki nimeduwaa, nikilitazama kabati lililokuwa limebeba kiwanda kizima peke yake.

Fahamu ziliponirudia, nikaamua kutoroka. Mlango ukakataa kufunguka, maana hata kufuli yake iliendeshwa na mashine hiyo hiyo. Nilipoinua macho, nyuma ya kioo cha mlango waokaji walikuwa wamejaa, aproni zao nyeupe kwa unga, na Bi Wanjiru mbele yao.

"Mwende," akaita, "uko na nani humo ndani aliyezima kila kitu?"

"Niko peke yangu, madam."