Kuskusi Isiyokauka

Rabeb, binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na minane, mabega mapana ya kuogelea, na mdomo ambao, nasema bila haya, ameurithi kwangu. Juni iliyopita alirudi nyumbani na matokeo yake: hesabu kumi na nne, Kiarabu kumi na tano, fizikia tisa. Tisa kati ya ishirini, na mwakani ni mwaka wa mwisho, mwaka wa mtihani wa bakaloria! Kaka yangu Mondher, karani wa posta hapa Nabeul, aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaiweka mezani taratibu. Hapo tukajua mambo yameharibika. Mondher akipiga kelele hana neno, ila akinyamaza ndipo pa kuogopa.

"Kiangazi hiki hakuna bahari," alisema baadaye. "Agosti nzima utakaa Tunis kwa baba yako mdogo. Ghorofa ya chini pale kuna mwalimu wa masomo ya ziada."

Kwa huyo baba mdogo ni ghorofa ya tano, madirisha mawili, na yote yanatazama ukuta. Nimelala pale mara mbili na sitaki ya tatu. Na Rabeb akikaa siku tatu bila kuogelea huanza kugombana na viti.

Hakulia. Aliingia chumbani, akakaa humo saa mbili nzima, akatoka na ratiba ya rangi sita. Saa tatu hadi saa sita asubuhi, fizikia. Baada ya chakula, kulala. Saa kumi na moja jioni, bahari. Usiku, kusoma hadithi au kwenda harusini, maana Julai kwetu hakuna wiki isiyo na harusi. Jumapili aliiacha nyeupe kabisa. Aliibandika kwenye friji, akamwita baba yake.

"Baba, kichwa kikichoka hakishiki kitu. Nipe mpaka siku ya kwanza ya Awussu. Kitabu kina mazoezi sitini ya fizikia. Nikiyamaliza, nabaki. Nisipoyamaliza, sanduku nitalibeba mwenyewe hadi kituoni."

"Sitini?"

"Sitini."

"Na nani atayasahihisha?"

"Wewe. Majibu yako nyuma ya kitabu, baba. Huhitaji kujua fizikia."

Nilicheka. Mondher akanikata jicho, nikaacha.

"Haya," alisema. "Siku ya kwanza ya Awussu, asubuhi."

Awussu, lile joto letu la siku arobaini, huanza tarehe ishirini na tano Julai. Siku hiyo mama yetu, Bibi Mannubia, hutuingiza sote baharini, wazima kwa wagonjwa, kila mtu mawimbi saba, eti viungo visiume mwaka mzima. Rabeb alijichagulia siku ambayo katika nyumba hii haisahauliki.

Wiki ya kwanza niliishuhudia kwa macho yangu. Mimi hushona magauni ya harusi katika chumba cha mbele, na cherehani yangu inatazama ukumbini, kwa hiyo halinipiti jambo. Msichana anakaa, anafungua kitabu. "Rabeb, fungua mlango!" Anarudi, anashika kalamu. "Rabeb, kafuate mkate!" Anarudi. "Rabeb, njoo unitungie uzi kwenye sindano!" Huyo wa mwisho ni mimi, siwezi kujificha. Jumatano nilihesabu: aliitwa mara kumi na tisa kabla ya adhuhuri, na kila mwitaji aliongeza, "Dakika moja tu." Aliyetuzidi sote ni mama yake, Radhia.

"Mama, nasoma!"

"Kwani nimekukataza kusoma? Njoo unishikie sufuria, kisha kasome mpaka uchoke."

Basi akahamisha fizikia, akaipeleka saa ya kulala mchana. Kiangazi Mondher hutoka kazini mapema, anakula, anafunga mbao za madirisha, na kuanzia saa nane na nusu nyumba nzima hukoroma. Rabeb aliona ameokota dhahabu. Siku ya kwanza nilimkuta amelalia kitabu, mate yanatiririka juu ya mchoro. Siku ya pili alitumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili asisinzie. Alilala vilevile, miguu ndani ya beseni, akaamka ana mafua. Ilipofika tarehe sita Julai alikuwa na mazoezi saba tu.

"Shangazi," aliniambia, "nimeshaanza kupanga nguo za Tunis kichwani." Alitaka kucheka, mdomo ukagoma. Roho iliniuma, nami nikakumbuka ile sindano yangu.

Kesho yake Bibi Mannubia akatangaza kuskusi ya mwaka, zile punje za ngano tunazokausha na kula hadi kiangazi kijacho. Kwetu hilo ni tangazo la serikali. Siku mbili wanawake wote wa nyumba tulikaa sakafuni na masinia, tukaviringa unga na chenga za ngano kwa viganja, tukachekecha, tukapika kwa mvuke, tukapandisha juu ya paa na kuianika kwenye mashuka meupe. Ikaja ile kazi isiyotakiwa na mtu: kukaa na kuskusi tangu alfajiri mpaka jua liwe kali, ufito mkononi, kufukuza shomoro na kugeuzageuza punje.

"Rabeb ndiye kijana," alisema Bibi. "Rabeb atapanda."

Alipanda amenuna, kitabu kwapani. Saa nne nilimpelekea maji. Alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha tangi, ufito magotini, penseli mdomoni.

"Manne, shangazi! Manne tangu asubuhi! Hakuna aliyeniita!"

Kabla sijamjibu, sauti ya Radhia ikapanda kutoka uani. "Rabeb! Njoo dakika mo..."

"We Radhia, una wazimu?" Bibi alimkatiza. "Mtoto yuko na kuskusi!"

Radhia akarudi zake jikoni. Tukatazamana, mimi na Rabeb. Ndiyo hivyo basi. Katika nyumba yetu mtu akishika kitabu anaonekana hana kazi. Akiwa na kuskusi, hata waziri angesubiri mlangoni. Kwanza niliona aibu kwa niaba yetu sote, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini.

Jioni ile ratiba ilibadilishwa. "Saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi: kuskusi." Mondher aliisoma akiwa na glasi ya maji mkononi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri kumsaidia bibi yako," alisema, asijue kitu. Mengine yalibaki kama yalivyokuwa. Mchana alilala kwa raha, bila beseni. Jioni aliogelea hadi vidole vikakunjamana, na kwenye harusi ya jirani alicheza mpaka kiatu kikakatika. Nilimwona ananawiri, na mazoezi yakafika ishirini na tano.

Tatizo ni kwamba kuskusi hukauka kwa siku tatu nne.

"Bibi," alisema Rabeb wakati wa chakula, macho makavu kabisa, "mwaka jana si kuskusi iliisha Aprili ukaazima kwa jirani?"

Bibi alifura. "Mimi? Niliazima mimi?"

Ilikuwa bakuli moja tu, lakini asubuhi ya pili gunia jingine la unga lilifunguliwa. Hilo lilipokaribia kukauka nikatamka mimi kwamba nina hamu ya kuskusi ya shayiri, na Mungu anajua jinsi shayiri inavyonichoma kifuani. Baada ya hiyo tukatengeneza ya bibi harusi niliyekuwa namshonea gauni, zawadi, ingawa hakuomba. Tarehe ishirini unga uliisha, mikono ya Bibi ikauma, na mazoezi kumi na saba yalikuwa yamebaki.

Basi Rabeb akawa anapanda na konzi moja ya kuskusi. Anaimwaga katikati ya shuka, anafungua kitabu. Konzi ileile, kila siku.

"Haijakauka tu?" Bibi aliuliza kutoka chini. Magoti yake hayapandi ngazi, tunamshukuru Mungu kwa yote.

"Unyevu wa bahari, Bibi!"

Tarehe ishirini na tano ni sikukuu ya taifa, posta imefungwa. Mondher aliamka mapema, akanywa kahawa akiwa amesimama, akazunguka uani mara tatu. Nadhani hakuwa amelala. Saa mbili nikamwona anashika ngazi. Niliacha chai yangu nikamfuata mbio.

Rabeb alikuwa ametugeuzia mgongo, anaandika kwa kasi. Katikati ya shuka palikuwa na ile konzi, na shomoro watatu walikuwa wakijilia kwa raha zao karibu na unyayo wake. Mondher aliinama, akaokota punje moja, akaitia kinywani. Niliisikia ikipasuka kati ya meno.

"Hii imekauka lini?"

Rabeb aligeuka. "Jumatatu, baba. Jumatatu iliyopita."

Mondher alinyamaza. Nilitaka kusema kosa ni letu, kosa ni langu na sindano yangu, lakini hakuningoja. Yeye alichukua daftari, akafunua ukurasa mmoja mmoja, akalinganisha na majibu ya nyuma ya kitabu, kidole chake kikishuka polepole kama anavyokagua barua za rejesta. Alifika zoezi la hamsini na nane. Chini yake palikuwa peupe.

"Yamebaki mawili," alisema Rabeb, sauti ndogo kabisa.

Chini, Bibi Mannubia alikuwa amekwishavaa. Mataulo yalikuwa yamefungwa, tikitimaji liko kwenye kikapu.

"Mondher!" alipaza sauti. "Mteremshe huyo mtoto, bahari inatungoja! Kuskusi gani hiyo isiyokauka?"

Kaka yangu alimtazama binti yake, akatazama wale shomoro. Kisha akaenda hadi ukingo wa paa.

"Bado mbichi, mama!" alijibu. "Inataka saa moja zaidi. Na asiitwe mtu!"

Akavuta kigoda, akaketi kando ya shuka, akaokota ufito, akaanza kufukuza shomoro.