Bangili Iliyopunguzwa Mstari kwa Mstari

Jentrix Nekoye alihamia Kimbo, upande wa Ruiru, wakati ambapo mibuni ilikuwa ingali inakaribia milango ya nyumba za wafanyakazi. Miaka ikaenda bila haraka, ikaing'oa mibuni ile safu baada ya safu na kusimamisha nyumba za ghorofa mahali pake. Naye, aliyekuja akiwa bibi harusi kutoka Kimilili, akawa mama, kisha mama wa mtu mzima, akiishi na mumewe Jeconia, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Thika. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, binti, wakamwita Lynn.

Kazi ya shanga alifunzwa na jirani yake Ndinda, mama Kiilu, Mkamba asiyeuzuia ulimi wake, ambaye aliwakalisha mama na binti kwenye mkeka mmoja akawafundisha pamoja. Ni kazi ya sindano, uzi na subira. Uzi wa nailoni hupitishwa katika ushanga, ukarudishwa katika ushanga wa mstari uliotangulia, kisha ukarejea mbele, hata kila punje ikashikwa na jirani zake pande zote. Ncha moja hushonewa kifungo, ya pili kitanzi. Kwa mshono huo mmoja Jentrix alitengeneza mikufu na mishipi ya maharusi; na siku Lynn alipohitimu chuo, alimshonea bangili ya shanga nyekundu na nyeupe, yenye michoro ya almasi iliyofuatana, ikamkaa mkononi barabara. Lynn hakuivua hata alipofua nguo.

Mwaka jana Lynn alianza kusema kwamba ugali unamkwama kooni. Kisha wali. Kisha hata ndizi iliyopondwa. Hospitalini waliambiwa kwamba ni saratani ya umio, ile njia ipitishayo chakula, na kwamba imekwisha kuenea kiasi ambacho upasuaji haungefaa. Wakapewa dawa za kutuliza maumivu, wakarudishwa nyumbani kwa maneno ya upole. Jentrix, aliyejua kila chakula ambacho mwanawe alikipenda, akasalia na kazi ya kukoroga uji mwepesi, na kuutazama ukipoa kikombeni.

Basi bangili ikaanza kulegea. Jentrix aliiona ikiteleza hadi kwenye kiganja Lynn alipoinua kikombe, akamwona pia Lynn akiitazama.

"Hebu niangalie huo uzi," alisema. "Ni kama unachakaa."

Alikwenda nayo barazani, akakifumua kifungo, akaondoa mistari michache, akakishona kifungo tena. Bangili ikarudi mkononi ikakaa kama zamani. Baada ya majuma kadhaa akaiomba tena. Kisha tena. Kila mara uzi ndio uliolaumiwa, na kila mara Lynn alinyoosha mkono akashukuru.

Aliyeivumbua siri hiyo ni Ndinda. Alikuja kuazima sindano, akakuta kisahani cha shanga nyekundu na nyeupe juu ya dirisha.

"Mama Lynn, hizi umetoa wapi?"

"Ni mabaki tu."

"Mabaki gani iko na nailoni ya kukatwa?" Ndinda akaketi bila kukaribishwa. "Unamchezea nani? Huyo msichana nilimfundisha mimi. Alikuwa anaona makosa yako kabla umalize mstari, mpaka siku moja ukamrushia kikopo."

"Sikumrushia. Kilianguka."

"Kilianguka mbali sana, mama."

Wakacheka kidogo. Halafu Jentrix akajifunika uso kwa leso yake.

"Sasa nifanye nini, Mama Kiilu? Niache ianguke ndiyo ajue?"

Ndinda akainuka. Alichukua sindano akaenda zake, na hakusimama langoni kusalimiana na mtu.

Jumapili iliyofuata, Jeconia akiwa kanisani, Jentrix alimwendea Lynn kitandani. Bangili ilikuwa imelegea tena.

"Nipe hiyo kidogo, mama yangu. Huo uzi..."

"Huo uzi umekukosea nini?" Lynn aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekonda pamoja naye, lakini mzaha ulikuwa bado umo. "Tangu lini umeanza kununua uzi mbaya?"

Jentrix akanyoosha mkono kuipokea.

"Zilikuwa almasi saba, Mama. Sasa ni nne na kipande. Hicho kipande ndicho kinaniudhi. Mtu akikuletea kazi imekatwa hivyo, si ungemrudisha kwa mkeka wa Mama Kiilu aanze upya?"

"Ulijua lini?"

"Mara ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unarudi ukiwa na furaha. Ni kitu moja tu ulikuwa unanirekebishia ikakubali." Akapumzika kidogo, kwa kuwa maneno nayo yalimchosha. "Lakini leo usipunguze. Nimechoka kujifanya sioni. Iache ilegee, na wewe ukae hapa."

Jentrix akakaa. Aliuliza kama alete uji. Lynn akatikisa kichwa. Akataka kunyoosha shuka, nalo lilikuwa limenyooka. Akatafuta neno la kumpa mwanawe, lolote ambalo mama humpa mtoto anayeogopa, asipate hata moja ambalo lilikuwa kweli. Hatimaye mikono yake ikatua mapajani, mitupu, jambo ambalo Lynn hakuwahi kuliona mchana tangu utotoni.

Lynn akaulaza mkono wake juu ya mikono hiyo. Bangili ikateleza hadi kwenye vifundo vya vidole ikakwama hapo, na hakuna aliyeirudisha.

Jeconia alipofika kutoka kanisani aliwakuta vivyo hivyo. Alisimama mlangoni akauliza kwa mazoea, "Mmekula?" Kisha akalisikia swali lake mwenyewe. Akavua kofia, akaja kuketi upande wa pili wa kitanda, akaushika mguu wa binti yake juu ya blanketi.

Hadi maneno haya yanapoandikwa Lynn angali nao.

Ewe Mola, uliye mwingi wa rehema na ambaye kwako hakuna mwili ulio dhaifu mno, mtazame mjakazi wako Jentrix katika saa hizi ambazo hana la kufanya, ukae naye anapokaa. Umjalie Lynn usingizi usio na maumivu. Umtie nguvu Jeconia, ambaye hajui kulia mbele ya watu. Uwabariki jamaa zao wa Kimilili wanaoogopa kila simu inapolia, na Ndinda, ambaye wewe mwenyewe ulimfanya ndugu yao. Amina.